Dawa ya kuacha pombe: pwani ya Lindi ina la kufundisha

Korosho zikianza kudondoka, kati ya Septemba na Oktoba, mashamba ya Lindi hutoa mazao mawili kwa mpigo. La kwanza ni korosho yenyewe: hukaushwa, hujazwa kwenye magunia na kupelekwa ghala la chama cha msingi kungoja mnada. La pili ni bibo, tunda jekundu au la njano linalobaki mkononi korosho ikishang'olewa. Mabibo hukamuliwa, maji yake huachwa yachachuke, na hapo uraka umepatikana. Uraka ukichemshwa na mvuke wake ukakingwa, hutoka nipa, gongo ya watu wa kusini. Kwa hiyo majira ambayo mkulima anashika fedha nyingi kuliko wakati wowote wa mwaka ndiyo majira ambayo pombe ni rahisi na iko karibu. Na kwenye vijiji vya ufukweni, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, tembo la mnazi halingoji msimu.

Wengi hunywa, wakatosheka, wakarudi makwao. Wapo ambao pombe imewashika. Fedha za mnada huisha kabla ya ada ya shule, shamba halipaliliwi, na ahadi ya kuacha hutolewa asubuhi ikavunjwa jioni. Pwani hii ni ya Waislamu walio wengi, na mlevi ndani ya nyumba ni aibu ya kufichwa. Mke, mama au kaka mkubwa huona haya kulipeleka jambo hilo zahanati, mbele ya majirani waliopanga foleni. Humtafuta mganga.

Mganga wa siku hizi hatafutwi mbali. Bango lake limepigiliwa misumari kwenye mti kando ya barabara, likiwa na namba ya simu na orodha ya kazi zake: kurudisha mpenzi, kuongeza nguvu za kiume, kuita wateja dukani, kuachisha pombe. Hiyo ya mwisho mara nyingi huja na ahadi mbili. Ya kwanza ni kwamba mlevi ataacha ndani ya siku chache. Ya pili ni kwamba hana haja ya kujua: unga unatiwa kwenye chai au uji wake, naye ataichukia pombe bila kuambiwa neno.

Ahadi hiyo ya pili ndiyo inayostahili kukataliwa kwa sauti kubwa, na sababu zake zimo ndani ya mila yenyewe kabla hazijatafutwa hospitalini. Uganga wa pwani ya kusini, kwa kila ubaya na uzuri wake, haukujengwa juu ya siri ya namna hiyo. Dawa ya kumtoa mtu kwenye mwenendo ulioharibika ilinyweshwa kwa mtu anayejua anachokinywa, mbele ya watu wanaomjua, ikifuatana na miiko aliyoikubali. Biashara ya leo imechukua unga ikaacha mambo hayo matatu.

Historia ya maeneo haya inatoa ushahidi wa kutosha. Mwaka 1904, huko Ngarambe, kaskazini-magharibi mwa milima ya Umatumbi, Kinjikitile Ngwale alianza kuwapa watu maji yaliyokusudiwa kuwakinga na risasi za Wajerumani. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, leo ndani ya Wilaya ya Kilwa, waling'oa pamba ya serikali, na vita ya Majimaji ikaanza. Wazee waliohojiwa miaka ya 1960 na mwanahistoria Gilbert Gwassa walieleza kwamba maji hayakutolewa peke yake. Yalikuja na masharti: asiyeyafuata, kwa kupora mali au kulala na mwanamke wakati wa vita, hakingiki. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, lakini maji yake yalikwishasambaa kutoka kabila hadi kabila, na pamoja nayo nidhamu iliyowafanya watu wasiojuana wajione jeshi moja.

Nusu karne baadaye pwani hiyo hiyo ilimjua Nguvumali, mganga aliyesifika miaka ya 1950 kwa kuwafichua watu walioshukiwa uchawi. Habari zake zimehifadhiwa katika utenzi wa Hasani bin Ismail, Swifa ya Nguvumali, ambao mwanaanthropolojia Peter Lienhardt aliuchapisha Oxford mwaka 1968. Na kusini mwa Tanzania desturi ya kuwanyoa na kuwanywesha dawa watuhumiwa wa uchawi haikufa na ukoloni. Maia Green, aliyefanya utafiti wake Ulanga mkoani Morogoro, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 2003 jinsi watu walivyosafiri hadi kwa Bibi Kalembwana kunyolewa. Aliyetuhumiwa na aliyetuhumu walinyolewa wote wawili na kunywa dawa ile ile. Iliaminiwa kwamba anayerudia uchawi baada ya kuinywa atakufa. Wakiisha kunyolewa, walirudi kijijini na kukaa pamoja.

Uchawi na ulevi ni mambo tofauti, na tuhuma za uchawi zimeua watu wengi wasio na hatia. Hakuna sababu ya kuzitamani zirudi. Linalofaa kuangaliwa ni jinsi tiba ile ilivyopangwa. Mtu anaaminiwa kuwa ameshikwa na tendo baya asiloweza kuliacha kwa nasaha. Anapewa kinywaji. Kinywaji kinabeba onyo: ukirudia, mwili wako utakulipa. Ndugu wapo, wanashuhudia. Kisha anapokewa tena nyumbani kama mtu aliyesafishwa, na kila mmoja kijijini anajua kwamba amekunywa.

Sasa mpango huo uwekwe kando ya dawa iliyotoka maabara ya Copenhagen. Mwaka 1948 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walitangaza kwamba disulfiramu humfanya mtu aliyekunywa pombe asikie uso ukiwaka, moyo umwende mbio na tumbo limchafuke. Kwa kawaida ini huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, sumu ambayo huivunja upesi. Disulfiramu huzuia hatua hiyo ya pili, na sumu ikajaa damuni. Dawa hiyo haiondoi kiu ya pombe. Inaweka mwiko ndani ya mwili, na mgonjwa anaacha kunywa kwa sababu anajua kitakachompata.

Tafiti zilizofanywa baadaye kuhusu disulfiramu zimefikia jambo ambalo mzee yeyote wa Umatumbi angelitambua. Vidonge hivyo hufaa zaidi mgonjwa anapovimeza mbele ya mtu mwingine, mke, ndugu au muuguzi, na anapoelewa vizuri nini kitatokea akinywa. Akiachiwa peke yake na kopo la vidonge, faida hupungua sana. Maelekezo ya dawa hiyo yanakataza waziwazi kumpa mtu bila yeye kujua, wala kumpa akiwa amelewa, kwa sababu mwenye moyo au ini bovu anaweza kufa.

Tanzania yenyewe inatumia kanuni hiyo kila siku. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni, na huduma ikapelekwa baadaye Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Mtu anayeumwa arosto, yaani maumivu ya kukosa heroini, hapewi chupa ya kwenda nayo nyumbani siku ya kwanza. Anafika kliniki kila asubuhi, anakunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, anaulizwa hali yake, anarudi kesho. Methadoni inazima maumivu ya arosto. Ratiba ile ya kila siku na macho ya wale wanaomngojea vinamjenga upya. Dawa na mashahidi vinafanya kazi pamoja.

Afrika Magharibi walikwisha kulifanyia kazi wazo hili mapema. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta, Nigeria, alianzisha huko Aro mpango wa kuwapangisha wagonjwa wa akili katika vijiji vilivyozunguka hospitali. Mgonjwa alikuja na ndugu yake, akakaa kwa wanakijiji, akafanya kazi za shamba na kwenda hospitali kutibiwa. Lambo aliwaalika waganga wa Kiyoruba washiriki, wakati madaktari wengi wa enzi hizo waliwaona kuwa kikwazo. Baadaye alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Waganga hao walikuwa na mti. Wayoruba huuita asofeyeje. Wanasayansi huuita Rauvolfia vomitoria. Daktari wa akili kutoka Canada, Raymond Prince, aliandika mwaka 1960 jinsi mizizi yake ilivyotumika kumtuliza mtu aliyechachamaa. Mti wa jamii hiyo kutoka India ndio uliowapa wanasayansi wa kampuni ya Ciba, Uswisi, reserpini mwaka 1952, mojawapo ya dawa za kwanza za kisasa za wazimu na shinikizo la damu. Hata hivyo Prince alionyesha kwamba mizizi ilikuwa sehemu tu ya tiba. Mgonjwa alikaa nyumbani kwa mganga kwa muda mrefu, akasomewa maneno ya kuamrisha ugonjwa utoke, na siku ya kuruhusiwa akapelekwa mtoni, akaogeshwa, nguo zake za ugonjwa zikaachwa zichukuliwe na maji.

Afrika Mashariki haikosi miti hiyo. Rauvolfia mombasiana huota kwenye vichaka vya pwani ya Kenya na Tanzania. Jamaa yake mwingine, msesewe, hutumiwa na Wachaga wa Kilimanjaro, na wao huchanganya gome lake katika mbege. Ukoo mmoja wa miti umetumika kumtuliza mgonjwa Nigeria na kutia pombe ukali Kilimanjaro. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba jina la mti halitoshi. Inabidi kujua sehemu ya mti, kipimo, anayepewa, na dawa nyingine anazotumia. Reserpini ikizidi hushusha shinikizo la damu kupita kiasi, na kwa baadhi ya watu huleta huzuni nzito.

Hapa ndipo heshima kwa uganga inapopaswa kuandamana na ukali. Historia ile ile ya Ngarambe inayofundisha thamani ya mwiko inafundisha pia hatari yake. Maji yalipokosa kuzuia risasi, jibu lilikuwepo tayari: aliyekufa alivunja masharti. Tiba yenye jibu la namna hiyo haiwezi kushindwa kamwe. Anayeshindwa daima ni mgonjwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba Majimaji iligharimu maisha ya watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Lawama za vifo hivyo ni za Wajerumani. Lakini kusini iliyozika watu wengi kiasi hicho ina haki ya kuuliza maswali kabla ya kunywa.

Maswali hayo hayakuulizwa mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mmea wake, mugariga, ulijulikana. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote, mara moja tu, na aliyekunywa alirudi kwao bila mtu wa kumfuatilia. Wapo wagonjwa walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona. Anayetangaza dawa ya pombe kwa namba ya simu anafuata njia hiyo hiyo: unga mmoja kwa kila mlevi, fedha kwa simu, na hakuna kuonana tena.

Kwa mlevi hatari ni kubwa kuliko familia nyingi zinavyodhani, na hatari yenyewe inaweza kuletwa na kufaulu kwa dawa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huweweseka, huona wadudu ukutani, husikia sauti, hupigana na watu wasiokuwepo. Madaktari wanajua kwamba hali hiyo isipotibiwa huua. Hospitalini kuna dawa za kumtuliza na vitamini B1 ya kuukinga ubongo wake.

Nyumbani, mambo hayo yana tafsiri nyingine. Mtu anayesikia sauti na kupigana na hewa ana jini, na jini linahitaji mafusho, kombe na ngoma. Ndugu waliotia unga kwenye chai wanaogopa kusema walichofanya. Mganga hakuambiwa mgonjwa alikuwa akinywa kiasi gani. Masaa yanapita. Mtu ambaye angeokolewa kwa dripu na sindano anafia mkekani, na msibani inaelezwa kwamba majini yalimzidi nguvu.

Kuwapuuza waganga hakutamaliza jambo hilo, kwa kuwa wagonjwa wako kwao. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba asilimia 48 ya waliofika kwa waganga walikuwa na matatizo ya kawaida ya afya ya akili, dhidi ya asilimia 24 ya waliofika kwenye vituo vya afya vya msingi. Kama mji wenye Muhimbili uko hivyo, haishangazi kwamba katika kijiji cha Kilwa au Lindi, mamia ya kilomita kutoka Muhimbili, mganga ndiye daktari wa akili wa kwanza. Tanga walilikubali hilo mapema: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari na waganga wameshirikiana huko kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, kila upande ukijifunza wapi kazi yake inakoma.

Sheria ipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kuwasajili waganga na kusimamia dawa zao. Utafiti upo pia: Muhimbili ilianza kitengo cha tiba asili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima sampuli. Kinachokosekana ni njia inayounganisha bango la barabarani, maabara na hospitali ya mkoa.

Njia hiyo inaweza kuanzia Lindi. Halmashauri zina orodha ya waganga waliosajiliwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, inaweza kuwakutanisha kabla ya kila msimu wa korosho na kuwafundisha dalili tatu tu za kumpeleka mgonjwa haraka: kutetemeka, degedege na kuweweseka. Mganga anayetangaza kuachisha pombe alazimike kupeleka dawa yake ikapimwe. Anayeuza unga wa kutiliwa mtu kwa siri afutiwe usajili, na kama hana usajili ashtakiwe. Yule ambaye dawa yake imepimwa haina madhara, anayemtaka mgonjwa aje mwenyewe pamoja na ndugu zake, na anayemwita tena wiki baada ya wiki, apewe nafasi yake na kuheshimiwa. Huyo anafanya sehemu ya kazi ambayo hospitali nyingi hazina watu wa kuifanya.

Serikali nayo isidhani kazi yake imekwisha kwa kukataza. Machi 1, 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku, kwa tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, mkoani Lindi. Lilikuwa jambo jema. Vijana waliokuwa wakinunua pakiti kwa shilingi mia kadhaa walipata nafuu. Lakini katazo liliondoa pakiti dukani bila kumwambia aliyekwishazoea aende wapi. Uraka haukuguswa na katazo hilo, na bibo litaendelea kuiva kila mwaka. Wilaya zinazokusanya ushuru wa korosho zinaweza kutenga sehemu ndogo ya ushuru huo kwa chumba kimoja cha ushauri na muuguzi mmoja aliyefunzwa kutibu uraibu. Fedha zinatoka kwenye mti ule ule.

Familia zina lao la kufanya bila kungoja bajeti. Mlevi aambiwe, tena akiwa hajalewa, kwamba ndugu wanataka kumsaidia, na aulizwe kama yuko tayari. Anayependa kula kiapo kwa Msahafu mbele ya wazee, na ale. Anayetaka kunywa dawa ya mganga aliyesajiliwa, ainywe akijua ni nini, mbele ya mkewe na kaka yake, baada ya kupita kwa daktari kupimwa ini na shinikizo la damu. Akianguka tena, na wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kuacha, asiambiwe amevunja mwiko. Apokewe na kuanza upya.

Na kama msimu huu kuna ndugu aliyekuwa akinywa kila siku, ameacha ghafla, na siku ya pili anatetemeka, anatoka jasho au anaona vitu ambavyo wengine hawavioni, wenye nyumba wasitafute jini lililomshika. Wamwambie mhudumu wa afya ukweli wote kuhusu pombe na kuhusu unga wowote aliopewa, na wamfikishe hospitali usiku huo huo.